Kompyuta mpya, CorelDRAW ya zamani: inagomea wapi, na ufanyeje

Tembea Arusha kutoka Mnara wa Saa ushuke mpaka Stendi Ndogo, au Moshi kutoka stendi ya mabasi hadi Double Road, uchungulie kila steshenari na kila ofisi ya mabango. Utakuta watu wanapiga kazi nzuri kila siku kwa programu zenye umri wa miaka 15, 20 na zaidi: CorelDRAW 12 ya mwaka 2004, Photoshop 7.0 ya mwaka 2002, AutoCAD 2007, na kwa wakongwe wa fani, PageMaker 7.0 iliyotoka mwaka 2001 na haikupata mrithi wa jina lake. Humo ndimo zinamotengenezwa kadi za mchango wa send-off, ratiba za ibada, mitihani ya majaribio ya shule, stika za milango ya Land Cruiser za watalii na ramani za nyumba zinazojengwa Njiro na Rau. Kisha kompyuta inakufa, mwenye ofisi ananunua nyingine, inakuja na Windows 11, na fundi anarudisha jibu fupi: haikubali.

Jibu hilo halimsaidii mtu. Programu ya zamani inaweza kugoma katika hatua kadhaa, na kila hatua ina sababu yake na dawa yake. Wapo wanaotupa mashine nzima ya kukatia stika kwa sababu ya draiva moja (kile kiprogramu kinachoiwezesha Windows kuongea na mashine), na wapo wanaoanza upya nembo ya mteja kwa kuichora juu ya picha ya simu, wakati faili lake lipo na linafunguka bila shida kwenye programu ya bure. Ni hasara inayoepukika, na inaniuma kuiona, kwa sababu kinachopotea ni kazi ya mikono ya watu.

Kwanza niseme jambo moja kwa wanaowacheka hawa wenye programu za zamani. Adobe ilitangaza Mei 2013 kwamba matoleo mapya ya Photoshop na wenzake hayatauzwa tena kwa kununua mara moja ukamaliza; kuanzia hapo ni kulipia kila mwezi au kila mwaka. Autodesk, wenye AutoCAD, walifuata njia hiyohiyo mwaka 2016. Kwa ofisi ndogo ya Ngarenaro au Majengo ambayo kazi zake zina msimu, watalii kuanzia Juni mpaka Oktoba, send-off na harusi Desemba watu wakirudi nyumbani kwa sikukuu, deni la dola linalokatwa kwenye kadi hata mwezi wa Aprili, mvua zinanyesha na duka limelala, si jambo dogo. Aliyenunua CorelDRAW kwa CD na leseni yake ana haki ya kuendelea kuitumia. Na mkono uliozoea njia za mkato kwa miaka 15 unamaliza kadi kabla mteja hajamaliza chai. Huko si kubaki nyuma, ni hesabu ya kibiashara.

Sasa tuingie kwenye mashine yenyewe.

Programu haiongei na kompyuta moja kwa moja. Corel ikitaka kuhifadhi faili, kuchora mstari kwenye skrini au kupeleka kazi kwenye printa, inaiomba Windows, na Windows ndiyo inayotekeleza. Walioandika CorelDRAW 12 waliandika maombi hayo kwa namna Windows XP ilivyoyapokea. Microsoft wamejitahidi sana kuendelea kuyapokea maombi ya zamani, ndiyo maana programu nyingi za enzi ya XP bado zinawaka kwenye Windows 11. Kwa hiyo ukiambiwa kwamba Windows 11 haitaki vitu vya zamani, usikubali haraka. Muulize fundi imegoma wakati gani: wakati wa kuisakinisha, wakati wa kuifungua, wakati wa kuomba leseni, wakati wa kuchapa, au wakati wa kufungua faili? Ukishajua hapo, nusu ya kazi umemaliza.

Biti 16, 32 na 64

Tukae hapa kidogo, maana ndipo wengi wanapopotezana. Namba hizi zinaeleza ukubwa wa vipande vya data ambavyo programu na prosesa zinavishughulikia kwa mara moja.

Programu za enzi ya Windows 3.1, kama CorelDRAW 5 na PageMaker 5, ziliandikwa kwa biti 16. Ilipokuja Windows 95, biti 32 zikashika usukani: CorelDRAW 6 ya mwaka 1995 ilikuwa ya biti 32, na karibu kila programu ya usanifu iliyozoeleka huku kwetu katika miaka ya 2000 ni ya biti 32. Windows 11 inatolewa kwa biti 64 peke yake. Windows 10 ndiyo ya mwisho iliyokuwa na toleo la biti 32.

Ndani ya Windows ya biti 64 kuna sehemu iitwayo WoW64 ambayo kazi yake ni kuzihudumia programu za biti 32. Ukifungua diski C utakuta folda mbili za Program Files, moja ikiwa na x86 mwishoni. Hiyo ya x86 ndiyo makazi ya programu za biti 32. Kwa biti 16, hakuna mhudumu. Prosesa ikishaingia kwenye hali ya biti 64 haina tena ile njia ambayo Windows za zamani zilitumia kuendesha programu za DOS, na Microsoft hawakujenga nyingine ya badala yake. Hakuna kitufe cha kubonyeza wala mpangilio wa kubadilisha.

Linalowachanganya hata mafundi wazuri ni hili: zipo programu za mwishoni mwa miaka ya 1990 ambazo zenyewe ni za biti 32, lakini setup yake, yaani kile kiprogramu cha kuisakinisha, ni ya biti 16. Sababu ilikuwa ya maana wakati ule. CD hiyohiyo ingeingizwa kwenye kompyuta ya Windows 3.1, setup ilitakiwa angalau iwake na kumwambia mtu kwamba anahitaji Windows 95. Leo unabonyeza setup.exe, Windows inajibu "This app can't run on your PC", na fundi anahitimisha kwamba programu imeisha kazi, kumbe programu ni nzima na kilichokataa ni setup peke yake. Windows inazitambua setup chache za enzi hizo zilizotengenezwa kwa InstallShield na kuzibadilishia za biti 32 kimyakimya, ndiyo maana CD moja inaingia na ya rafu ya pembeni yake inakataa, ingawa zote ni za mwaka mmoja.

Dawa zipo. Kuna mradi wa bure uitwao otvdm unaoiwezesha Windows ya biti 64 kuendesha programu nyingi za biti 16, setup zikiwemo. Njia nyingine ni kuisakinisha programu kwenye Windows ya biti 32, hata kama ni kompyuta kuukuu iliyoko stoo, kisha kunakili folda yake nzima kuja kwenye mashine mpya pamoja na sehemu yake ya registry, yaani daftari la mipangilio ya Windows. Njia hii inakubali kwa programu nyepesi. Kwa kubwa zenye vipande vingi inakataa mara nyingi, na hapo ni afadhali uende kwenye kompyuta pepe, ambayo nitaifikia.

Imesakinishwa lakini ina vituko

Mpaka Windows XP, karibu kila mtu alitumia kompyuta yake kama msimamizi, na programu ziliandika vitu popote: ndani ya folda yao wenyewe, ndani ya folda ya Windows, popote. Vista ya mwaka 2007 ikabadilisha utaratibu. Programu ikawa kama mpangaji aliyezoea kuweka jiko lake koridoni, sasa mwenye nyumba kaja na masharti.

Microsoft walijua programu nyingi zingekufa siku hiyo, wakaweka njia ya kuzivusha. Programu ya biti 32 ya zamani ikijaribu kuandika ndani ya Program Files, Windows inaikubalia kwa juu, kisha inalipeleka faili mahali pengine, kwenye folda iitwayo VirtualStore iliyofichwa ndani ya AppData ya mtumiaji huyo. Programu yenyewe haina habari. Matokeo yake ni kisa ambacho pengine umewahi kukiona ofisini: dada wa zamu ya asubuhi anahifadhi kiolezo cha kadi ndani ya folda ya Corel, anakiona kila siku, anakitumia. Kijana wa jioni anaingia kwa akaunti yake, kiolezo hakipo. Wanaanza kushukiana kufuta kazi. Hakuna aliyefuta, kipo kwenye VirtualStore ya dada. Andika %localappdata%\VirtualStore kwenye kisanduku cha Run, bonyeza Enter, utashangaa vilivyojaa humo.

Kwa hiyo programu ya zamani usiisakinishe kwenye Program Files. Setup ikikuuliza mahali, andika C:\Corel au C:\PM7, nje kabisa ya folda zinazolindwa. Hatua hiyo peke yake inaondoa sehemu kubwa ya vituko. Ikibaki kugoma, bonyeza ikoni kwa kitufe cha kulia, nenda Properties, kisha Compatibility, uiambie Windows ijifanye XP Service Pack 3, na uweke alama ya kuiendesha kama msimamizi. Fahamu tu kwamba mpangilio huo unabadilisha majibu ya Windows kwa maombi fulani. Hauileti XP yenyewe, hauleti draiva, na hauwezi kufufua biti 16.

Kwenye dirisha hilohilo la Compatibility kuna dawa ya vitufe vidogo kama punje za mchele. Skrini za laptop za leo zina nukta nyingi zilizobanana, na programu ya mwaka 2004 inahesabu nukta tu, haijui ukubwa wake. Bonyeza "Change high DPI settings", weka alama chini kwenye "Override", chagua "System". Picha itakuwa na ukungu kidogo lakini macho yatapona.

Photoshop CS6 ina ugonjwa wake. Kwenye Windows 10 za miaka ya karibuni na Windows 11, ukifungua sehemu ya Performance inakutupia ujumbe wa ajabu kwamba inataka namba kamili kati ya 96 na 8, jambo ambalo haliwezekani, na mara nyingine inadai kumbukumbu haitoshi wakati kompyuta ina RAM ya GB 16. Programu imeisoma vibaya idadi ya RAM. Inatibika kwenye registry, ndani ya tawi la Photoshop la mtumiaji, kwa kuongeza DWORD (aina ya kipengele cha namba) iitwayo OverridePhysicalMemoryMB na kuipa thamani kama 4096 kwa namba za kawaida za kumi. Kumi zile ni muhimu: ukiacha kwenye heksadesimali, hesabu ya kumi na sita, utaingiza namba nyingine kabisa.

Na tukiwa kwenye RAM: programu ya biti 32 kwa kawaida inatumia GB 2 tu, na hata ikiwa imeandaliwa vizuri haivuki GB 4. Kumuuzia mtu RAM ya ziada ili Photoshop 7.0 yake ikimbie ni kumla pesa bure. Afadhali anunue SSD. Na ukibonyeza F1 ukakosa msaada, usihangaike: Windows za sasa zimeacha kabisa kusoma mafaili ya msaada ya zamani yenye mwisho wa .hlp.

Leseni

Kuna programu zinazowaka vizuri kabisa, kisha zinakufungia mlango zikiomba kuthibitishwa kwa seva ambayo haipo tena. Mfano unaojulikana ni Adobe CS2, mkusanyiko wa Photoshop na wenzake wa mwaka 2005. Desemba 2012 Adobe ilitangaza kuizima seva yake ya uthibitisho, na ikawawekea wateja wake toleo lisilohitaji kuthibitishwa pamoja na namba yake. Habari zikaenea duniani kwamba CS2 imekuwa bure. Haikuwa hivyo, ilikuwa kwa walioinunua.

Hapa lazima tuseme ukweli kuhusu kraki, vile viprogramu vya kuvunja kinga ya leseni. Programu nyingi zinazozunguka kwenye flashi mjini hazina leseni, na Sheria ya Hakimiliki na Hakishiriki ya mwaka 1999 inazilinda programu za kompyuta kama inavyolinda vitabu na muziki. Mbali na sheria, kuna sababu ya kiufundi. Kraki ya mwaka 2006 ilitengenezwa kuchokonoa mafaili kwa namna XP ilivyoruhusu. Kwenye Windows 11 mara nyingi yenyewe ndiyo inayoiangusha programu, na mtu analaumu Windows. Halafu inakuomba uzime antivairasi kwanza. Ofisi yenye mafaili ya wateja ya miaka 10 haina sababu ya kuchukua hatari ya kirusi kinachofunga kila faili na kudai fidia. Kama huna leseni, muda wako utumie kujifunza Inkscape (ya kuchora), GIMP (ya picha) na Scribus (ya kupanga kurasa), ambazo ni za bure kihalali na zinawaka kwenye Windows mpya bila mizengwe yoyote.

Mashine ya stika, dongo na printa

Hili ndilo linalowagharimu watu pesa nyingi, na linaeleweka kidogo kuliko yote.

Nimesema WoW64 inazihudumia programu za biti 32. Inahudumia programu tu. Draiva ni kitu kingine: inafanya kazi ndani ya kiini cha Windows, na kiini cha biti 64 hakipokei draiva ya biti 32 kwa namna yoyote. Lazima mtengenezaji awe ameandika ya biti 64, na iwe imesainiwa kidijitali. Kama kampuni iliyotengeneza mashine yako ya kukatia stika ilifunga zamani, au haikujishughulisha, CorelDRAW itafunguka vizuri, nembo itaonekana, ila mashine haitatikisika. Hali ni hiyohiyo kwa dongo, kile kidude cha kuchomeka kinachothibitisha leseni: bila draiva yake ya biti 64, programu inaamini umeiba.

Kwa mashine za stika kuna habari njema. Nyingi zinaelewa HPGL, lugha ya kuelekeza kalamu iliyotoka HP, yenye amri fupi kama PU ya kuinua na PD ya kushusha. Mashine yenye tundu la serial, lile la zamani ambalo Windows inaliita COM, haihitaji draiva yake yenyewe; inahitaji mtu wa kuipelekea maneno hayo kwa kasi inayokubaliana nayo. Inkscape tangu toleo la 0.91 ina sehemu ya kutuma HPGL moja kwa moja kwenye tundu la serial. Unafungua nembo, unaondoa rangi ukaacha mistari, unachagua COM yako na kasi iliyoandikwa kwenye kitabu cha mashine, unatuma.

Kinachokwamisha hapo ni waya wa kugeuza USB kuwa serial. Waya nyingi za bei rahisi zina chipu ya PL2303 ya kizazi cha kwanza au nakala yake bandia, na draiva mpya ya Prolific inazikataa waziwazi: fungua Device Manager, kwenye orodha ya Ports utasoma "PL2303HXA PHASED OUT SINCE 2012". Watu wanasoma hapo wanadhani mashine ya stika ndiyo iliyopitwa na wakati. Aliyekataliwa ni waya. Nunua wenye chipu ya FTDI au CH340, ujaribu tena.

Fonti zina kisa kinachofanana. Enzi za PageMaker, fonti nzuri zilikuwa za Type 1, zile zenye mafaili mawili mawili, .pfb na .pfm. Adobe imeacha kuzikubali kwenye programu zake tangu Januari 2023. Unafungua ratiba ya ibada ya kurasa nne, maandishi yanabadilishiwa fonti, mistari inasogea, wimbo wa mwisho unaangukia ukurasa wa tano. FontForge, ya bure, inaweza kuzigeuza kuwa OpenType. Soma kwanza leseni ya fonti kama inaruhusu kugeuzwa.

Kompyuta ndani ya kompyuta

Pale ambapo yote hayo yameshindikana, iache programu ibaki kwenye Windows iliyoizoea, lakini ndani ya kompyuta yako mpya. VirtualBox ya Oracle haina malipo, na VMware Workstation Pro imekuwa bure kwa kila mtu tangu Novemba 2024. Kila moja inajenga kompyuta pepe, yenye diski yake na RAM yake ya kuigiza, unasakinisha XP au Windows 7 ya biti 32 humo, kisha CorelDRAW 9 au PageMaker juu yake. XP inaridhika na RAM ya GB 1, kwa hiyo hata laptop ya kawaida ya GB 8 inaibeba bila jasho. Kama VirtualBox inalalamika haiwezi kuanza, ingia BIOS, mipangilio ya kabla Windows haijawaka, uwashe uwezo wa prosesa wa kuendesha kompyuta pepe: VT-x, au AMD-V kwa prosesa za AMD. Mara nyingi inakuja imezimwa.

Unahitaji leseni ya hiyo Windows ya ndani. Stika ya namba iliyobandikwa ubavuni mwa kompyuta ya zamani mara nyingi ni leseni iliyofungwa kwa mashine ileile, na haihamishiki kihalali. Ya boksi iliyonunuliwa yenyewe inahamishika.

Raha ya njia hii ni kwamba kompyuta pepe yote ni folda moja. Ukishaipanga ikakaa sawa, inakili kwenye diski ya nje, na siku umeme wa Sakina ukiunguza kompyuta, unaifungua kwenye nyingine na kuendelea ulipoishia. Sharti langu ni moja: izime intaneti humo ndani. Microsoft waliacha kuihudumia XP tarehe 8 Aprili 2014 na Windows 7 tarehe 14 Januari 2020, matundu yake yanajulikana na hakuna anayeyaziba. Mafaili yapitishe kwenye folda ya pamoja.

Wenye Mac wana njia nyembamba zaidi, na nitapita haraka. Apple haivumilii ya zamani kama Microsoft. macOS Catalina ya Oktoba 2019 ilifuta biti 32 zote, na vipande vya CS6 vikaangukia hapo. Tangu Novemba 2020 Mac mpya zinakuja na chipu za M1 na wadogo zake, ambazo si za ukoo wa Intel, kwa hiyo hata Windows XP ya ndani inabidi iigiziwe prosesa nzima. Programu iitwayo UTM inaliweza hilo bure, polepole. Ukiwa na Mac ya Intel yenye Mojave (iliyoitangulia Catalina) na CS6 inayofanya kazi, usibonyeze "Upgrade" kwa sababu tu imekuomba.

Faili si programu

Watu wengi wanaohangaika na programu, wanachokitaka hasa ni faili: nembo ya kampuni ya utalii iliyochorwa mwaka 2005, cheti cha kupanda mlima, ramani ya nyumba ambayo mwenye nayo sasa anataka kuongeza ghorofa. Kama ni hivyo, usianze na programu.

LibreOffice Draw inafungua mafaili ya CorelDRAW, ya PageMaker na hata ya FreeHand, ile ambayo Adobe iliitelekeza mwaka 2007. Inkscape inafungua CDR, mafaili ya CorelDRAW. Hazifungui kikamilifu, vivuli na fonti vitapotea hapa na pale, lakini mistari ya nembo inakuja, na kwa nembo mistari ndiyo mali. Faili la PageMaker 6 mpaka 7 linafunguka pia kwenye InDesign, programu ya Adobe ya kupanga kurasa, hadi toleo la CS6. Zilizofuata baada ya hapo ziliacha, kwa hiyo ukimjua mtu mwenye CS6 halali, mthamini. DWG, mafaili ya michoro ya AutoCAD, zinasumbua pande zote mbili, kwa sababu muundo umebadilika kwenye 2000, 2004, 2007, 2010, 2013 na 2018. AutoCAD 2007 haiwezi kusoma faili la 2013 alilokutumia mhandisi. ODA File Converter, ya bure, inageuza folda nzima ya DWG kutoka mwaka wowote kati ya hiyo kwenda mwingine kwa mara moja.

Kwa PageMaker ninaipenda njia moja kuliko zote, kwa sababu haibahatishi. Kwenye mashine ya zamani inayowaka bado, sakinisha printa ya PostScript (lugha ya kuielezea printa ukurasa) hata kama huna printa yenyewe, ielekeze kwenye FILE badala ya tundu, chapa kazi yako, na uhakikishe umeweka alama ya kujumuisha fonti zote. Utapata faili la .ps lenye kila herufi mahali pake. Lipeleke kwenye kompyuta mpya, programu ya Ghostscript italigeuza PDF kwa amri ya ps2pdf, na ukurasa utatoka ulivyokuwa siku ulipopangwa. Hutaweza kuuhariri kwa urahisi, kwa hiyo hamisha pia maandishi yenyewe pembeni kama RTF.

Yote haya yana haraka yake sasa. Windows 10 imeisha muda wake wa kuhudumiwa tarehe 14 Oktoba 2025, na kompyuta nyingi za mtumba tulizonazo haziwezi kupokea Windows 11 kwa utaratibu wa kawaida, kwa sababu inadai TPM 2.0 (kifaa cha usalama) na, kwa Intel, prosesa ya kizazi cha nane kwenda juu, isipokuwa chache sana. Ofisi nyingi zitabadilisha mashine kwa mkupuo. Kabla kompyuta ya zamani haijabebwa na wanunua vyuma chakavu, fungua kila kazi ya mteja ambayo bado ina maana, uitoe kwa PDF, na nembo uzitoe pia kwa SVG au EPS zikiwa zimegeuzwa kuwa mistari. Nakili folda ya fonti. Piga picha stika ya leseni. Kama mashine haiwaki tena, usiipe fundi aijaribu "kidogo tu": toa diski yake, tafuta adapta ya USB inayopokea diski za IDE na SATA, aina mbili za viunganishi, na unakili kila kitu kwanza kwenye diski nyingine, kwa Clonezilla, programu ya kunakili diski nzima, kama unaimudu. Kuwasha na kujaribu kuje baada ya hapo, kwenye nakala.